Kagera kabla ya dawa: tulivyoishi na Juliana

Kila ikifika tarehe 1 mwezi wa 12 utasikia redioni maneno yaleyale, ukimwi Tanzania uligundulika mwaka 1983 mkoani Kagera kwa wagonjwa watatu, alafu mtangazaji anaruka moja kwa moja mpaka kwenye dawa. Mimi ni mtu wa huko, upande wa Kiziba, kule juu karibu na mpaka wa Uganda, zamani tukiwa Bukoba Vijijini na sikuizi wanasema Missenyi. Mwaka huo nilikua shule ya msingi. Toka hao wagonjwa watatu mpaka serikali ilipoanza kutoa dawa za bure mwishoni mwa 2004 kuna miaka 21, na mimi ndo nimekulia humo katikati, nimezika humo, nimeoa humo. Na kuna jambo lilitokea ndani ya hiyo miaka ambalo watu wengi hawalijui kabisa: Bukoba ugonjwa ulishuka kabla ata kidonge kimoja hakijafika. Nitalifikia.

Kwanza uelewe hali ya kule ilikuaje. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia kwetu mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Alafu jeshi letu likageuza kibao, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na ile njia ya Mutukula ikawa inapitwa na kila mtu, wanajeshi, wafanyabiashara, madereva, wanawake wanaotafuta maisha. Vita ikaisha nchi haina kitu. Walioishi miaka ile wanakumbuka kufulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni haipo, sukari ni kwa foleni, nguo ni kwa kujuana na mtu wa duka la kaya. Sasa sisi mpaka ulikua hapo na ziwa hapo, unategemea vijana wangekaa tu? Magendo yakawaka moto. Usiku mitumbwi inavuka na kahawa inarudi na sabuni, redio, vitambaa. Mwaka huohuo wa 1983 waziri mkuu Sokoine alikua anawakamata wahujumu uchumi nchi nzima, kwetu watu walizidi tu kujificha na kulala mialoni ng'ambo, wiki unasikia yuko Kasensero, mwaloni wa upande wa Uganda, wiki yuko Masaka, na hela wanazo, na mwenye hela mwaloni halali peke yake, tusidanganyane.

Kulikua na nguo moja ikija na hao vijana, ikiitwa Juliana. Ukivaa Juliana kijijini wewe ni mtu. Baba yangu mdogo alikua nazo. Alikua mchekeshaji, akija kwetu anatuletea pipi na anacheza redio kwa sauti mpaka bibi analalamika.

Walipoanza kuumwa walianza haohao. Mtu anakonda, anaharisha wiki nzima, anapona kidogo, anarudi tena kitandani, unatoka mkanda wa jeshi, mdomoni fangasi, nywele zinalainika kama za mtoto mchanga. Kwaiyo ugonjwa ukaitwa Juliana, ugonjwa wa wenye nguo zile. Wenzetu wa Rakai, upande wa Uganda, waliuita Slim. Na hapa kuna kitu nimekuja kukielewa nikiwa mtu mzima baada ya kuongea na watu wa upande wa pili: sisi tulisema Waganda wametuloga kwa sababu vijana wetu walikula mali yao ya magendo bila kulipa, na kule Kasensero walikua wanasema hivohivo kuhusu sisi, kwamba Watanzania waliodhulumiwa wameleta uchawi. Kila upande una mdeni wake na kila upande una mchawi wake. Ukiangalia vizuri utaona walikua wanaelezea njia halisi ya ugonjwa, unafuata biashara, unavuka na mtumbwi, unawapata waliofanya dili pamoja. Walikosea kwenye sababu tu.

Bibi aliuza ng'ombe akampeleka mwanae kwa mganga ng'ambo. Baba alitaka hospitali ya misheni, wakagombana, mwisho akapelekwa kote kote. Hospitali walimtibu kifua kikuu, akapata nafuu kidogo, akarudi akafia nyumbani, kwenye chumba cha nyuma. Tulikatazwa kuingia lakini tulichungulia. Hakuna aliyetuambia kitu, na sioni kama walikua wanaficha, kiukweli ata wao walikua hawana cha kutuambia. Virusi vyenyewe vilikua vimetambuliwa Paris 1983, mwaka uleule wa wale wagonjwa wetu watatu, kwaiyo wataalamu wa dunia nzima nao walikua ndo kwanza wanashika chaki.

Kilichotuchelewesha zaidi, kwa maoni yangu, ni kila mtu kumtafutia mwenye ugonjwa wake. Mwanzo ulikua wa magendo. Alafu ukawa wa wanawake waliokwenda mjini. Alafu nchi nzima ikasema ni wa Wahaya. Mimi nilipata shule ya bweni mkoa mwingine, na siku wamejua natoka Bukoba wenzangu wakaanza kuniita Juliana, ndoo yangu haiguswi, kitandani kwangu hakai mtu. Kwenye meli ya kutoka Mwanza abiria wanasogea wakikusikia unaongea Kihaya. Na kumbe wakati wananikimbia mimi na ndoo yangu, kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilishatoa taarifa ya kuwa na wagonjwa. Yaani mtu anajilinda na Mhaya alafu jioni anaenda zake bar anajua yuko salama. Hii tabia haijaisha, sikuizi inahamishiwa tu kwa watu wengine, madereva wa malori, wavuvi, watu wa Njombe na Iringa.

Yakaja mabango. Mafuvu, mifupa, jitu limekonda limelala kwenye mkeka, UKIMWI UNAUA. Nadhani walioyachora walikua na nia njema ila kwetu mabango yale yalikua hayatuelezi kitu tusichokijua, kila mtaa una mkeka wa kweli. Walichofanikiwa ni kumfanya mgonjwa afanane na fuvu, kwaiyo kama una kamwili kidogo wewe huna, na mtu akikonda kwa njaa anasingiziwa. Vijana wakageuza ikawa utani, wakachukua herufi za AIDS wakasema ni Acha Iniue Dogodogo Siachi. Tulicheka sana na ile, tukiwa tumetoka kuzika.

Misiba ndo ilikua mingi kupita maelezo. Zamani msiba kijijini unasimamisha kazi, watu hawashiki jembe siku kadhaa, wanakesha, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inanyweka, ndugu wa mbali wanangojewa. Ilipofika miaka ya mwisho ya 80 wazee wakakaa wakasema hapana, tukiendelea hivi migomba itamezwa na majani na njaa itatumaliza kabla ya ugonjwa, wakapunguza siku za matanga. Mtu wa nje anaweza kuona ni jambo dogo. Kwa sisi kupunguza siku za kumlilia mtu ilikua kubwa kuliko tangazo lolote la serikali, maana pale ndo wazee walikubali mbele ya watu kwamba hili linaloendelea sio la kawaida.

Sasa namba. Mwaka 1987 walipita watafiti wakipima damu mkoani, na Bukoba mjini kati ya watu wazima 100 walikutwa 24 wana virusi. Karibu robo ya watu wazima wa mji. Vijijini ilikua chini ya hapo lakini sio kidogo. Waliporudi 1993 mjini ikawa 18, mwaka 1996 ikawa 13. Rudia kuisoma hiyo, 24, 18, 13, na dawa hakuna, tena mwaka huo wa 1996 ndo ulaya na Marekani walikua wanaanza kutumia dawa za mchanganyiko, kwetu huku mtu mwenye cheo chake alikua anapewa panadol na maombi.

Ilishukaje? Nimesikia watu wakijisifia kwenye semina, kila shirika linasema ni sisi. Jibu ambalo halisemwi sana ni kwamba sehemu moja ya ile hesabu ilishuka kwa sababu watu walikufa. Mtu akishazikwa hahesabiwi tena kwenye asilimia. Darasani kwangu shule ya msingi nikikumbuka madawati naweza kuonyesha mapengo. Lakini sio vifo peke yake, maana maambukizi mapya nayo yalishuka sana, walipima ata hilo. Watu walibadilika kweli na mimi niliwaona wakibadilika, bila mtu mmoja kuwaongoza.

Kwanza tulikua tunashika Radio Uganda kuliko Radio Tanzania. Kule Museveni toka aingie 1986 alikua anausema ukimwi kwa jina, hadharani, kama anavyoongelea ng'ombe wake. Alafu 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki ambaye kila mtu alikua anacheza nyimbo zake, akasimama akasema mimi ninao, akazunguka mashuleni na makanisani, na Desemba hiyohiyo akafa. Kijijini kwetu watu walilia kama wamefiwa nyumbani. Nakumbuka shangazi alisema, huyu nae kalogwa na nani sasa, ana mdeni gani huyu? Stori za uchawi pale nyumbani zilianza kupungua nguvu siku hiyo.

Alafu kuna mama mdogo, mjane wa yule baba mdogo. Kwa mila mdogo wa marehemu au ndugu wa karibu anamrithi mjane, na kibanja, yaani shamba la migomba la familia, kinabaki kwenye ukoo. Kikao kiliitwa, wazee wamekaa kwenye nyasi, yeye pembeni chini na watoto wake. Akaulizwa kwa heshima tu kama yuko tayari. Akamgeukia shemeji yake mkubwa akasema, "Waitu shemeji, anayetaka kunirithi ajitokeze, ila tukubaliane kabisa nani atamzika." Ukimya. Mzee mmoja akatema mate akasema mwanamke huyu hana adabu. Hakuna aliyejitokeza. Vita ikahamia kwenye kibanja sasa, walitaka aondoke, na alibaki kwa sababu alikua na mtoto wa kiume na kwa sababu bibi alisimama upande wake, bibi ambaye ndo aliuza ng'ombe kwa ajili ya mganga. Mama mdogo aliishi miaka kadhaa zaidi nae akaondoka. Lakini hakwenda na mtu. Wajane wengine pale kijijini walikua wanatumia maneno yake, na urithi wa wajane ukafa polepole bila semina.

Wachumba nao wakaanza kutumwa hospitali kupima kabla ya harusi, padri anadai karatasi. Kondomu zilipoanza kuuzwa madukani mwanzoni mwa miaka ya 90 viongozi wa dini walipiga kelele, vijana walinunua usiku. Redioni likaja igizo la yule dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu, bar nzima inanyamaza kumsikiliza, na watu wanamtukana Mkwaju wakati wenyewe ni Mkwaju. Na kuna kitu cha kitabibu kabisa ambacho hakikupata umaarufu: majirani zetu wa Mwanza walifanya utafiti kuanzia 1991, wakaimarisha tu matibabu ya kaswende, kisonono na pangusa kwenye zahanati za vijijini, dawa za kawaida na mtabibu wa zahanati aliyefundishwa vizuri, na maambukizi mapya ya virusi yakapungua kwa kama asilimia 40 kulinganisha na vijiji ambavyo havikuimarishwa. Kidonda kikiwa wazi virusi vinapita kirahisi, basi. Baadae sana, kati ya 2005 na 2007, ikathibitika na suala la tohara, Afrika Kusini, Kisumu na hapo Rakai ng'ambo yetu, kwamba inampunguzia mwanaume hatari kwa karibu asilimia 60. Sisi Wahaya kwa asili tulikua hatutahiri, ukiacha Waislamu. Unajiuliza ingekuaje tungejua mapema, alafu unaacha kujiuliza.

Serikali ilikua inafanya nini? Mpango wa taifa wa kudhibiti ukimwi pale wizara ya afya ulikuwepo toka miaka ya 80, hela nyingi za wafadhili, watu wachache. Rais Mkapa alitangaza janga la taifa 1999, miaka 16 baada ya wale watatu. TACAIDS, tume ya taifa ya ukimwi, ikafuata. Sitaki kulaumu sana, ila bibi yangu alilitangaza janga mapema zaidi.

Bibi alibaki na wajukuu. Sio sisi tu, nyumba kwa nyumba, wazee na watoto, katikati hakuna mtu. Kati ya 1991 na 1994 walipita watu wa dodoso la Benki ya Dunia, kaya zaidi ya 900 mkoa mzima, wakirudi kila baada ya miezi kuuliza mnakula nini, mna kuku wangapi, nani kafa. Bibi alikua anawachoka, anawaambia kuku ni walewale ila watu wamepungua, andika. Waliwafuatilia watoto wale mpaka 2004 na 2010 wakiwa watu wazima, na wakakuta waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikua wafupi kwa karibu sentimita 2 na walikosa kama mwaka mmoja wa shule kulinganisha na vile ambavyo wangekua. Mimi binamu zangu nawaangalia kwenye picha ya harusi, naiona ile sentimita.

Mwishoni mwa miaka ya 90 nikajiunga na kikundi cha kanisa cha kuhudumia wagonjwa majumbani. Glavu zikiisha tunavaa mifuko ya nailoni. Nilidhani kazi itakua kuosha vidonda na kugeuza watu, na ilikuwepo, lakini walichokua wanataka zaidi ni uji, mtu wa kupiga nae stori bila kukaa mlangoni, na mtu wa kuwaandikia wosia. Hili la wosia nalisisitiza kwa yeyote anayehudumia mgonjwa wa aina yoyote. Baba anajua akifa tu kaka zake watamfukuza mke, anataka iandikwe, na mashahidi wawe wa ukoo tofauti, na nakala ikae kwa katekista maana nyumbani itachanwa. Nimeandika nyingi. Lugha inakua ya shida, mtu anaanza kugawa migomba kwa majina ya watoto, mgomba kwa mgomba, na wewe huwezi kumwambia afupishe.

Dawa zilipoanza hospitali kubwa, masharti yalikua magumu. CD4, kile kipimo cha kinga ya mwili kwenye damu, iwe chini ya 200 ndo uanzishiwe, uje na mtu wa kukusimamia umezaji, ufundishwe kwanza. Wengi walikufa wakisubiri CD4 ishuke, maneno ya ajabu hayo lakini ndo ilikua hivo, unamwambia mtu hujaumwa vya kutosha. Waliobahatika sasa! Kuna mzee mmoja nilimwandikia wosia akiwa hawezi kushika kikombe. Alikua ameshagawa kila kitu, ata mbuzi wake alishamkabidhi mpwa wake mkononi ili asije akanyimwa baadae. Alianza dozi, mwezi wa kwanza vipele na kutapika, miezi michache baadae namkuta anapalilia migomba. Akataka mbuzi wake. Mpwa akasema mjomba mbuzi tulimla krismasi ukiwa mahututi, tena supu tulikuletea. Kesi ikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikaitwa shahidi kwa sababu mimi ndo niliandika. Iliamuliwa alipwe nusu, maana supu alikunywa.

Ilipofika 2007 rais Kikwete kapima hadharani Mnazi Mmoja, Dar, ata wabishi wakapanga foleni. Alafu 2011 ikaja ile ya kikombe cha Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu aliyesema dawa yake ya mizizi inaponya, shilingi 500, na watu wetu walioinuka kitandani kwa vidonge wakaviacha wakapanda mabasi kwenda Samunge, kijijini kwake. Tuliwazika baadhi yao. Sitaki kumsema marehemu, ila mtu aliyemeza vidonge miaka mitano kimyakimya anatamani sana siku moja kuambiwa imetosha, na yeyote atakayemwambia hivo atamfuata. Wanaotoa huduma CTC, kliniki za dawa za ukimwi, wanatakiwa walijue hilo kabla hawajaanza kufoka.

Toka 2016 ukipimwa ukakutwa nao unaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4, na hilo limebadilisha mengi. Lakini Kagera kwenye upimaji wa kitaifa wa 2011 hadi 2012 watu wazima wenye virusi walikua asilimia 4.8, na wa 2016 hadi 2017 ikaonekana 6.5. Sehemu ya ongezeko ni kwamba watu hawafi, wanaishi nao, na hiyo ni habari njema inayosomeka vibaya, kinyume kabisa na ule mteremko wa zamani wa 24, 18, 13. Ila sio yote. Nenda mialoni uone. Kijana anavua upande wetu mwezi huu, mwezi ujao yuko visiwa vya Uganda anafuata samaki, dawa kapewa za miezi, mtumbwi ukipigwa na dhoruba boksi linaenda na maji. Akiingia kliniki ya ng'ambo anaulizwa kadi, kadi nayo iko ziwani. Nesi mmoja tunayefanya nae kazi amewazoesha kupiga picha kadi yao na kuituma kwa mtu wa nyumbani, na asiye na simu anamwandikia namba yake na aina ya dozi kwenye karatasi ambayo inakaa kwa mama ntilie wa mwaloni. Kliniki nyingine ng'ambo zinapokea, nyingine zinamwambia arudi Tanzania akachukue zake.